Barua Sabini na Tatu

Mtu asiyeulizwa na yeyote kama amekula, hata akila hashibi. Jedidah alilisikia hilo kwa mama yake tangu utoto, lakini asubuhi ile ya Januari halikumjia akilini. Alikuwa amemshika mkono Shosho Soon-im akimpandisha kwenye mizani, na kichwani mwake mlikuwa na namba moja tu, themanini na nane.

"Simama wima, Shosho. Usiegemee ukuta, ukuta hautakuongezea kitu."

Mizani ikasoma paundi tisini na moja. Muuguzi wa kaunti, mama wa Kizungu mwenye koti la zambarau, akaandika kwenye karatasi yake, akavua miwani, akamgeukia Jedidah. Akasema Kiingereza cha polepole, kila neno likiwekwa chini kama sahani inayoogopwa kuvunjika.

"Mwezi jana alikuwa tisini na saba. Akifika themanini na nane, tutamhamisha. Atakwenda nyumba ya wagonjwa, awekewe mpira wa kulishia tumboni. Unanielewa?"

"Ninaelewa," Jedidah akasema. "Kazi hii nimeifanya miaka kumi na tisa."

"Vizuri sana," muuguzi akasema, kwa sauti ya kumsifu mtoto aliyejifunga kamba za viatu. "Na hapa hakuna mtu anayeweza kuzungumza naye? Nyinyi wenyewe?"

"Yeye ni Mkorea. Sisi tunatoka Kenya."

"Ah," muuguzi akasema, akaandika tena. "Nitarudi Alhamisi, baada ya wiki mbili."

Nyumba hiyo ilikuwa Woodbury, kwenye mtaa wenye nyumba zinazofanana kama mayai ya trei moja. Jedidah na mumewe Wanjohi walilala chumba cha chini. Vyumba vya juu vilikuwa vya wazee wawili waliowatunza kwa leseni. Mmoja ni Bwana Olson, mzee mrefu asiyesikia vizuri. Wa pili ndiye Soon-im, mwenye miaka themanini na mmoja, waliyemwita Shosho, yaani nyanya. Aliletwa Minnesota miaka ya nyuma sana na mume Mmarekani aliyekuwa mwanajeshi, Harold, naye Harold alishakufa. Hawakupata mtoto. Kiharusi cha Novemba kilimnyang'anya mkono wa kulia, kikamnyang'anya na Kiingereza chote alichokisema miaka hamsini. Kikabaki Kikorea peke yake, na cha kusema na nani? Mkalimani wa simu alijaribiwa mara mbili. Shosho aliitazama simu kama mtu anayetazama sahani ya jirani, akageuza uso. Tangu Desemba hakuwa ametamka neno.

Muuguzi alipokwisha kuondoa gari lake uani, Jedidah aliweka uji mbele ya Shosho. Shosho akausukuma kwa kidole kimoja, polepole, bila hasira, mpaka ukafika katikati ya meza.

"Mimi nitaula," Bwana Olson akasema.

"Wewe umekula mara mbili, Bwana Olson."

"Sikusikia," akasema Bwana Olson, akavuta bakuli.

* * *

Mpwa wa Harold alikuwa ameuza nyumba ya mjomba wake, na Jumamosi akaleta sanduku la viatu lililobaki. Hakuingia ndani. Alisimama mlangoni na theluji mabegani, akasema kompyuta kubwa ya mjomba ilikwenda na takataka, ila hiki kijiti cha kompyuta alikikuta kwenye droo kikiwa na jina la mke wa mjomba. Akaondoka huku injini ya gari lake haijazimwa.

Ndani ya sanduku mlikuwa na miwani, kijiko cha shaba chenye mkono mrefu, na flashi iliyofungwa karatasi: "Vya Soon-im."

Wanjohi ndiye aliyekuwa mpishi wa nyumba. Alishajaribu mengi kwa ajili ya Shosho. Alinunua chupa ya kabichi ya pilipili wanayokula Wakorea, akaifungua mezani, Bwana Olson akahama chumba. Shosho akanusa tu. Kwa hiyo alipochomeka flashi kwenye laptop ya nyumba na kukuta faili moja lenye maandishi, alilisoma kama mpishi.

"Mama, njoo uone. Ni mapishi."

Jedidah akaja akifuta mikono. Skrini ilijaa vijidudu. Kulikuwa na d yenye msalaba shingoni, a yenye nukta mbili, o yenye kofia, alama za pesa zisizojulikana ni za nchi gani. Na katikati yake, kila mahali, robo tatu. Ile ¾ inayochorwa kwenye vikombe vya kupimia unga.

"Robo tatu hapa. Robo tatu hapa. Hebu tazama mstari huu, robo tatu mara tano," Wanjohi akasema. "Huyu mzee alikuwa anamwandikia mkewe vipimo vya chakula cha kwao."

"Robo tatu ya nini?"

"Hapo ndipo sijui. Ya d yenye msalaba."

"Baba, hata wewe."

"Cheka tu. Jana umempa uji, akala nani? Olson."

Jedidah hakucheka. Aliutazama ule mstari wa kwanza, kisha akateremsha ukurasa, akauona tena. Vijidudu vile vile, mpangilio ule ule. Ukateremka, ukarudi. Juu ya kila mstari wa namna ile kulikuwa na tarehe, na tarehe zilisomeka vizuri kabisa: 1998, 1999, 2001.

"Mapishi hayana tarehe," akasema. "Nipigie Chepkemoi."

* * *

Chepkemoi walisali naye kanisa moja. Alikaa Saint Louis Park, upande wa pili wa mji, na kazi yake ilikuwa kulinda kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta za hospitali. Jumapili alitoka ibadani moja kwa moja, akakaa na koti lake mezani, akatazama skrini kwa muda ambao mtu angemenya viazi viwili.

"Haya si mapishi, shemeji," akamwambia Wanjohi. "Pole. Hiki ni Kikorea kilichosomwa kwa daftari lisilo lake."

"Sema kwa lugha ya watu," Jedidah akasema.

Chepkemoi akachukua karatasi ya tishu na kalamu. Akachora mraba.

"Wakorea hawapangi herufi kwenye mstari kama sisi. Herufi mbili au tatu zinaingia chumba kimoja. Moja inakaa huku juu, nyingine ubavuni, ya tatu inalala chini kama mtoto sakafuni. Chumba kimoja, silabi moja. Na vyumba vyenyewe, ukichanganya familia zote zinazowezekana, vinapita elfu kumi na moja."

"Elfu kumi na moja?" Wanjohi akasema. "Na sisi tulichapwa kwa a, e, i, o, u."

"Sasa, kompyuta haisomi. Kompyuta inajua namba za milango tu. Zamani Wakorea walijiandikia daftari lao la milango, namba mbili mbili kwa kila chumba. Hata haikuwa milango yote, waliandika kama elfu mbili na kitu, ile inayotumika sana. Mzee Harold alitumia daftari hilo. Laptop yenu ina la Wazungu, la namba moja moja. Inapokuta namba mbili za chumba kimoja, inadhani ni wapangaji wawili, inatoa vijidudu viwili. Robo tatu yako, shemeji, ni nusu ya Mkorea."

"Kwa hiyo halijaharibika," Jedidah akasema.

"Namba zote zipo. Sisi ndio tumeshika daftari lisilo lake. Hata kazini majina ya wagonjwa yalikuwa yakitoka hivi hivi."

Akalifungua faili kwa programu ya kuandikia. Programu ikamuuliza lasomwe kwa lugha gani. Akajaribu Kichina, ikatoka misitu. Akajaribu Kijapani, ikatoka misitu mingine. Akagusa Kikorea.

Vijidudu vikajikusanya. Pale palipokuwa na viwili pakawa na kimoja, mraba safi, na mwingine, na mwingine, ukurasa mzima kama mtaa uliopangwa na mtu anayejua kazi yake. Robo tatu zote zikaondoka. Wanjohi akavua kofia.

Jedidah alimleta Shosho kwa kiti cha magurudumu, akamvisha miwani ya sandukuni. Shosho akaangalia skrini kama alivyoangalia vitu vyote vya nyumba ile, bila kuvidai. Kisha akasogeza uso. Kidole cha mkono wa kushoto kikapanda, kikagusa mraba wa kwanza.

"Onni," akasema.

Sauti ilikuwa na kutu. Akakohoa, akaanza upya, kidole kikitembea.

"Onni, pap mogosso?"

Kidole kikasimama hapo. Akausema tena mstari ule mmoja, na machozi yakamtoka bila uso kujikunja.

Chepkemoi akaunakili mstari, akauweka kwenye mashine ya kutafsiri ya mtandaoni. Ikajibu: Dada mkubwa, wali ulikula?

"Ni barua," Jedidah akasema. "Ana mdogo wake aliyekuwa akimwandikia kwa kompyuta, Harold akamhifadhia."

Walihesabu kwa tarehe. Barua sabini na tatu, na kila moja ilianza kwa mstari ule ule. Mashine ilitafsiri kama mlevi anayetoa ushuhuda. Barua ya kwanza ilisema theluji imevaa kabichi yetu. Chepkemoi alishuka mpaka barua ya mwisho, ya Oktoba 2006, akaijaribu nayo. Iliyotoka haikuwa na kasoro: Usijibu upesi, nitakuandikia nikitoka hospitali.

Chini yake hapakuwa na kitu.

Chepkemoi na Jedidah walitazamana, na hakuna aliyemweleza Wanjohi.

Mchana ule Shosho alikula nusu bakuli ya wali na mchuzi wa kuku, kwa kijiko cha shaba, kwa mkono wa kushoto. Baada ya kila vijiko viwili alirudi kwenye skrini. Alipomaliza alimtazama Jedidah aliyekuwa amesimama karibu na jiko akila ukoko wa sufuria kwa kidole, akamwambia jambo refu kwa Kikorea. Jedidah akatikisa kichwa kwamba ndiyo, bila kujua ameitikia nini.

"Jumapili ijayo nitarudi tusome zote," Chepkemoi akasema akivaa buti.

* * *

Jumatatu Jedidah aliona Shosho anakunja macho kusoma. Akaongeza ukubwa wa maandishi. Akaongeza tena, mpaka kila mraba ukawa kama kiberiti. Shosho akaegemea kiti. Alisoma barua mbili nzima kwa sauti ya chini, akacheka mahali fulani, akala wali wote.

Saa nane mchana Jedidah alihitaji laptop kuandika dawa za Bwana Olson. Kazi ya kutunza wazee ina amri moja inayozidi zote, nayo hufundishwa siku ya kwanza kabla hata ya kufundishwa kumgeuza mgonjwa: kisichoandikwa hakikufanyika. Umempa dawa hukuandika, hukumpa. Kwa miaka kumi na tisa Jedidah hakuwahi kufunga ukurasa bila kuuhifadhi. Vidole vyake vilifanya hivyo kama vinavyofunga mlango wa friji.

Programu ikamuuliza kama anataka kuhifadhi mabadiliko. Akakubali. Ikamfungulia kijidirisha kingine chenye maneno mengi, na chini yake maandishi ya barua yakaonyeshwa yote kwa rangi nyekundu. Aliona wekundu ule. Alidhani ni pambo. Akabonyeza sawa, akachomoa flashi, akaiweka kwenye kikombe cha chai kabatini, mahali salama.

Jumanne Shosho alikuwa mezani kabla ya wali kuiva, miwani usoni, kijiko mkononi.

Jedidah alifungua faili. Tarehe zilikuwepo. Nukta zilikuwepo, mikato ilikuwepo, nafasi kati ya maneno zilikuwepo. Silabi zote, kila moja, zilikuwa zimegeuka alama ya kuuliza.

Akalifunga, akalifungua. Akachagua Kikorea kama alivyomwona Chepkemoi. Alama za kuuliza zikabaki alama za kuuliza. Upande wa pili wa meza Shosho alikuwa akimsubiri kwa adabu, kama mgeni anayesubiri mwenye nyumba amalize simu.

"Imeharibika kidogo, Shosho," Jedidah akasema, akageuza skrini ukutani, akatengeneza ishara ya kitu kibovu kwa mikono. "Kidogo tu."

Akaenda kupiga simu kwenye chumba cha kufulia.

"Ilikuuliza nini?" Chepkemoi akasema.

"Iliniuliza kama ni-save. Nikasema ndiyo."

"Na maandishi yalikuwa mekundu?"

"Yote."

Nyuma ya Chepkemoi ilisikika printa ya hospitali ikitema karatasi.

"Wekundu ule ulikuwa ukikuambia haya hayatapona," akasema. "Iliandika kwa daftari la Wazungu, dada. Daftari lile halina mlango hata mmoja wa Kikorea. Ikikosa mlango inaweka alama ya kuuliza, chumba kimoja alama moja, na namba ya zamani inafutika."

"Basi irudishe."

"Chini ya alama hakuna kitu. Vile vijidudu vilikuwa na namba ndani yake. Hizi hazina."

"Wewe una nakala."

"Sina. Kazini hatugusi kitu bila nakala tatu, na kwenu nikafungua faili la pekee la mtu na koti mwilini. Kosa ni langu, Jedidah."

"Si wewe uliyebonyeza."

Wanjohi hakukubali kirahisi. Aliipeleka flashi kwa fundi wa duka la kompyuta kwenye maduka ya barabarani, akasubiri zamu yake saa nzima. Fundi akaichomeka, akatazama, akamrudishia kabla hajamaliza kueleza.

"Umeniletea faili la alama za kuuliza, bwana. Ni faili zima kabisa. Hakuna kilichoharibika ndani yake."

"Yalikuwa maneno."

"Sasa ni alama za kuuliza. Kuna kingine naweza kukusaidia?"

Nyuma yake watu wawili walicheka, si kwa ubaya, walicheka tu. Wanjohi alirudi nyumbani akapika ugali, chakula ambacho hakuna mzee aliyekila mle ndani, akaula peke yake.

* * *

Shosho hakuuliza. Jumatano alikuja na miwani, akaiona laptop imefungwa, akavua miwani, akaikunja. Alhamisi hakuja nayo. Kijiko cha shaba alikiacha chumbani. Jumapili Chepkemoi alikuja na mikono mitupu, akakaa na Shosho dirishani, akaenda zake.

Jedidah alimpima kila asubuhi. Tisini na moja na nusu ikawa tisini na moja. Ikawa tisini. Kila jioni aliandika: alikataa chakula cha mchana. Siku moja kidole kilisimama juu ya maneno hayo. Kisichoandikwa hakikufanyika, na kilichoandikwa je? Angeweza kuandika nusu bakuli, nani angejua. Akaandika alikataa.

"Mwambie," Wanjohi akasema. Ilikuwa Jumatano asubuhi, kesho yake muuguzi anarudi, na mizani ilikuwa imesoma themanini na tisa. "Anadhani umemnyima."

"Nimwambie kwa lugha gani?"

"Umemwonyesha bakuli, umemwonyesha dawa, umemwonyesha choo. Na hilo mwonyeshe."

Mchana Jedidah alifungua laptop mbele ya Shosho, akaichomeka flashi, akakuza maandishi mpaka kila alama ikawa kama kiberiti. Akaleta miwani chumbani. Akaleta na kijiko, sijui kwa nini, mikono ilikileta. Kwa kuwa hapakuwa na lugha ambayo Shosho angeielewa, alichagua ya kwake mwenyewe.

"Shosho, barua za ndugu yako nimezifuta. Sikukusudia, lakini ni mimi. Nilitaka uzione kubwa. Haya ndiyo yaliyobaki."

Akageuza skrini.

Shosho alitazama. Bwana Olson aliacha kutafuna. Upepo ulipiga theluji kavu kwenye kioo, ikateleza chini kama mchele. Alama za kuuliza zilijaa ukurasa, zimepinda migongo, mamia, kama watu waliosimama kwenye foleni wakiwa wamechoka. Jedidah alisubiri alie, au ampige, akawa tayari kwa yote mawili.

Mkono wa kushoto ukapanda. Kidole kikatua kwenye mstari wa kwanza, chini ya tarehe. Mstari ulikuwa hivi:

??, ? ????

"On," Shosho akasema, kidole kwenye alama ya kwanza. Kikasogea. "Ni."

Kikavuka mkato. "Pap."

Kikavuka nafasi, kikaingia kwenye kundi la mwisho, la alama nne. "Mo." Kikasogea. "Go." Kikasogea. "Sso."

Alama moja ilikuwa imebaki. Kidole kikaifikia. Hapo Shosho hakutamka kitu. Aliacha kidole juu yake, akainua nyusi, akamgeukia Jedidah akamtazama, na akaendelea kumtazama.

Nawategea: ndugu wanne wamesimama mstari mmoja, sura moja, kimo kimoja, nguo moja. Watatu ni maiti na mmoja yu hai, na hata fundi wa mjini hawezi kuwatenga. Yupi aliye hai? Ni yule wa mwisho, asiye na sauti, anayesubiri kujibiwa. Mdogo wake Soon-im alimwandika yeye mwenyewe, kwa mkono wake, mwaka 1998, alama ya kuuliza ya kweli. Mashine ilipopita ikiua silabi moja moja na kuwavika nguo yake, huyo haikumgusa, maana mlango wake umo kwenye madaftari yote.

Jedidah hakujua habari za madaftari kiasi hicho. Alijua tu kwamba ameulizwa. Na alipotafuta jibu akagundua kwamba amesimama, kama alivyosimama kila mchana wa miaka kumi na tisa, na kwamba tangu mama yake azikwe Nyeri, yeye Jedidah akitazama mazishi kwenye simu, hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hilo na kungoja jibu.

"Bado," akasema. "Sijala, Shosho."

Shosho akapapasa meza, akavuta kiti cha pembeni kwa mkono wake mmoja. Kiti kilikwaruza sakafu, kikakwama. Akavuta tena.

Jedidah akakaa. Wanjohi, bila kuitwa, akaleta bakuli mbili za wali badala ya moja. Shosho hakugusa yake mpaka Jedidah alipopeleka kijiko mdomoni. Ndipo akachukua cha shaba.

"Na mimi?" Bwana Olson akasema.

"Wewe nyamaza," Wanjohi akasema kwa Kiswahili, akamletea.

* * *

Alhamisi mizani ilisoma themanini na tisa na robo tatu. Muuguzi mwenye koti la zambarau aliinama kuitazama tena, akiwa na uso wa mtu aliyekuja na fomu nyingine tayari.

"Jana mliandika themanini na tisa. Imepanda," akasema. "Mmempa nini?"

"Wali."

Muuguzi akaandika wali. "Na kingine?"

Jedidah akafikiri. Kile kingine hakikuwa na mahali kwenye karatasi ile.

"Ninakula naye," akasema.

"Hilo si lazima, unajua," muuguzi akasema kwa upole. "Haliko kwenye mpango wake." Akawapa wiki mbili nyingine.

Mchana Shosho alikuja na miwani usoni. Alitaka laptop, aliionyesha kwa kidevu. Jedidah akaifungua. Shosho akasoma mstari wa kwanza wa barua ya kwanza, akateremka, akasoma mstari wa kwanza wa barua ya pili, akateremka. Sabini na tatu, na katika kila mmoja akasimama mwishoni na kumgeukia, na Jedidah akajibu, mara kwa Kiswahili, mara kwa Kikikuyu, nimekula, sijala, nimeonja, ninakula sasa hivi. Wali ukapoa. Hakuna aliyeharakisha.

Barua ya mwisho, ya Oktoba 2006, ilikuwa na mistari michache. Shosho alisoma wa kwanza. Kisha, kwa mara ya kwanza, kidole chake kikashuka kwenye wa pili, mahali ambapo mdogo wake alisema atamwandikia akitoka hospitali. Kikatua kwenye alama ya kwanza. Mdomo ukafunguka.

Jedidah alikuwa akijua kilichoandikwa pale. Ukimwacha Shosho mwenyewe, kama bado alikumbuka, alikuwa mmoja wa watu wawili duniani waliojua, na hakuwa na lugha ya kukisema, na hata angekuwa nayo hakuwa na hakika kama angekisema.

Mdomo haukutoa kitu. Kidole kikatembea kimya kutoka alama hadi alama, hakikuruka hata moja, mpaka mwisho wa mstari, kikaanguka mezani. Shosho akatazama theluji ya uani. Kisha akainua tena mkono, akarudi juu, mahali anapopajua.

"Onni," akasema.

Jedidah akavuta kiti karibu.